Koleo la Kitanda cha Nne

Mkongani,
9 Machi 1964

Mwanangu Esha,

Assalam aleikum. Huku tu wazima. Mamako hajambo, ila kifua kinamsumbua akipika kwa kuni mbichi, na mvua bado tunaitazamia. Natumaini nawe hujambo. Salamu nazikomesha hapo, maana nina jambo na sitaki kulizungukia.

Kahaso amerudi nyumbani. Yule Kahaso binti Charo, niliyemwombea kazi ya kufagia wodi yako mwaka juzi nikakuambia umtazame kama nduguyo. Alikuja juzi Jumamosi baada ya alasiri, akakaa kwenye mkeka, akakataa uji, akakataa hata maji. Nilipomwuliza kulikoni, akasema amefukuzwa kazi, na kwao wameambiwa ameua mwanamke aliyetoka kujifungua.

Nikamwambia aseme polepole, asiache kitu. Mimi nilikuwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati, miaka ishirini na saba, najua mtu anayejitetea anavyosimulia, na najua mtu anayesema lililotokea. Yeye alikuwa akisema lililotokea.

Anasema Jumanne ile, siku chache kabla ya Idi, ulikuwa unabadilisha vitambaa vya vidonda. Ulikuwa umefika kitanda cha nne, kwa yule mama mwenye jipu la paja lililokuwa likitoa usaha. Ukaitwa mbio chumba cha kuzalia. Ukamtia Kahaso mkononi koleo la kushikia pamba, ukamwambia, "Nimalizie hawa waliobaki." Akakuambia, "Sista, mimi sijafundishwa." Wewe ukiwa umekwisha kumpa mgongo ukamjibu, "Fanya kama unionavyo nikifanya."

Akafanya. Akatoka kitanda cha nne na koleo lile lile na bakuli lile lile, akaenda kitanda cha tano kwa Mbodze wa kijiji cha Jego, aliyepasuliwa tumbo siku mbili nyuma ili atolewe mtoto. Siku tisa baadaye Mbodze alikufa kwa homa, kidonda kimefura na kunuka.

Jioni ile ulichukua kitabu cha wodi ukatia sahihi yako mbele ya majina yote saba, kana kwamba ulifanya wewe. Na Metroni, mkubwa wa wauguzi wenu, alipouliza ni nani aliyempa mfagiaji koleo, ulikuwapo. Kahaso anasema ulitazama sakafu.

Nani alikufundisha kuanza na usaha kisha uende kwenye kidonda kisafi? Ulikuwa unafuata mpangilio wa vitanda kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Kidonda kisafi hutangulia, chenye usaha huwa cha mwisho, na kila mgonjwa na koleo lake, lililochemka dakika ishirini. Haya uliyajua kabla hujaanza kusoma shule, ulikuwa ukikaa mlangoni pa zahanati yangu ukiyasema kama wimbo.

Kazi waweza kumpa mtu akusaidie. Lakini huyo unamwonyesha kwanza, unasimama naye, na atakayeulizwa ni wewe. Wewe ulimpa kazi usiyomfundisha, kisha ukamwachia yeye aulizwe.

Nangoja jibu, na nalitaka la kweli.

Baba yako,
Suleiman Chirau


Wodi ya Wanawake,
14 Machi 1964

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia nyote wazima, na mama nampa pole ya kifua. Mwambie apikie nje. Mimi mwili hauna neno.

Barua yako niliisoma nimesimama, kwa sababu hapa hakuna wakati wa kukaa. Umeniuliza mengi. Hukuniuliza makoleo yalikuwa mangapi.

Yalikuwa manne, baba, kwa wodi nzima, na moja limelegea msumari halishiki kitu. Stovu ni moja. Pampu ya maji ilikuwa imeharibika siku ya tatu, tukaletewa maji kwa mapipa, na pipa la asubuhi lilikwisha kabla ya saa nne. Vitanda ni ishirini na sita, wanawake walikuwa thelathini na wanane, wengine kwenye mikeka. Wauguzi wa zamu tulikuwa wawili, na Jemima alikuwa ameondoka na gari la wagonjwa kwenda Mombasa. Yule Sista wa Kizungu aliyekuwa na funguo za stoo aliondoka Desemba, kabla bendera haijapandishwa, na hajaletwa mtu mahali pake. Nilikuwa nimefunga, na tangu daku sikuwa nimekaa chini.

Nilipoitwa chumba cha kuzalia nilimkuta mwanamke ambaye kondo la nyuma limekataa kutoka, na damu imefika miguuni mwangu. Nilikaa naye saa mbili na nusu. Yule mama yuko hai, ana watoto watano. Hilo Kahaso hakukuambia, na wewe hukuuliza kwa nini nilikimbia.

Unanihubiria dakika ishirini. Wewe miaka ishirini na saba uliendesha zahanati peke yako, bila maji, bila msaidizi, ukiletewa dawa nusu ya ulizoandika. Ulimwandikia nani ukasema haitoshi? Ulinyamaza, ukasema "ndiyo bwana", na siku ya kustaafu wakakupa cheti ukakitundika ukutani. Mimi nilijifunza kuchemsha sindano kwako. Kunyamaza pia nilijifunza kwako.

Umetaka kweli, basi ichukue. Kila alichokuambia Kahaso ni kweli, hata sakafu. Metroni aliiona sahihi yangu kitabuni, akafunga kitabu, akasema, "Basi, mfagiaji alijichukulia koleo mwenyewe." Nami sikusema siyo.

Na kuna jambo ambalo Kahaso halijui. Mama yake Mbodze anaitwa Bi Biasha, ndiye mkunga wa kwao Jego. Yeye ndiye aliyeona mtoto amekaa vibaya, akamleta binti yake hospitali mapema. Alipokuja kuchukua maiti, Metroni alimwambia mbele ya mkwewe kwamba Mbodze alikuja na uchafu kutoka nyumbani, kwamba mikono ya wakunga wa vijijini ndiyo inayoua. Nilikuwa mlangoni nimeshika shuka. Bi Biasha aliitazama mikono yake, akaigeuza, akaitazama tena.

Sasa unajua yote. Usiniandikie tena habari ya koleo.

Mwanao,
Esha


Mkongani,
18 Machi 1964

Esha,

Wa aleikum salaam. Mamako anakusalimu. Hajui tunachoandikiana, ameniona nikisoma barua yako uani, akaniuliza umeandika nini, nikamwambia ni salamu.

Kumkimbilia mwenye kuvuja damu ulifanya vyema. Hapo sina neno, na nilikosea kutokuuliza. Lakini vidonda vilivyobaki ungeviacha. Kitambaa cha jana kikikaa hadi jioni hakiui mtu. Ungempa Kahaso kuchemsha maji, kukaa na wagonjwa, kwenda kumwita Metroni atoke ofisini aje ashike kazi. Kuna kazi ya kumpa mtu na kuna kazi ya kuacha ingoje mwenyewe. Hilo halihitaji makoleo kumi.

Haya mengine uliyoniandikia juu yangu nimeyaweka. Nitayajibu siku yake.

Hili la Bi Biasha ndilo limenifanya nisilale. Mwenye duka hapa ana dada yake kaolewa Jego. Nilimwuliza bila kumwambia sababu. Anasema wanawake wa kule hawamwiti tena Biasha. Amezalisha nusu ya kijiji, na sasa akipita wanawafunika watoto. Juma lililopita mmoja alijifungua na wifi yake tu, kwa kuiogopa mikono ya Biasha, na mtoto hakupona. Wamesema ni kudura. Mimi nasema ni lile neno la Metroni wenu, na ni kimya chako.

Kwa hiyo kosa lako halikukoma kitanda cha tano. Bado linatembea, na wewe unalijua linakokwenda.

Nenda ukaseme. Useme hospitali na useme Jego. Usinijibu barua hii mpaka uwe umesema. Ukinijibu kabla, sitaifungua.

Baba yako,
Suleiman Chirau


Wodi ya Wanawake,
5 Aprili 1964

Baba,

Shikamoo. Afya yangu nzuri. Natumaini mvua imefika huko. Hapa imeanza tangu juma lililopita na paa la stoo linavuja.

Nimesema.

Kwanza nilikwenda kwa Metroni na kitabu cha wodi. Nikakifungua mbele yake, nikaweka kidole juu ya sahihi yangu. Nikamwambia, "Sikufanya mimi kazi hii. Nilimpa Kahaso, akaniambia hajui, nikamlazimisha. Naomba aitwe arudi, na naomba mama yake Mbodze aambiwe."

Aliinuka akafunga mlango. Metroni ni mtu wetu, baba, wa kwanza mweusi kukalia kiti kile, na hajamaliza miezi minne. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Unajua wangapi wanangoja tuanguke? Kila kosa letu linaandikwa mahali. Unataka uwape la kwanza kwa mkono wako mwenyewe?"

Nikamwambia, "Aliyeanguka ni Mbodze."

Akasema nimechoka, nichukue likizo. Nikaenda kwa Daktari. Akanisikiliza, akageuza kalamu yake vidoleni, akasema taarifa imekwisha pelekwa juu na si vizuri kuirudisha. Basi nikakaa nikaandika mwenyewe nakala tatu. Nikaandika kosa langu lote, la kumkabidhi asiyefundishwa na la kutia sahihi ya uongo. Kisha nikaandika makoleo manne, stovu moja, pampu, na barua tatu nilizoandika kuomba vifaa zisijibiwe. Moja nikampa yeye, nyingine nikaipeleka posta kwa wakubwa Mombasa, ya tatu nikabaki nayo. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hata wewe.

Jego nilifika Jumatatu ya arobaini ya Mbodze. Sikujua ni siku hiyo. Nilikuta wanawake uani wanapika, nikaulizia Bi Biasha, nikaonyeshwa pembeni. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Amekonda hata shingo.

Nikamwamkia. Akaitika, akaniuliza mimi ni nani.

"Ni muuguzi niliyekuwa zamu ile wiki ya Mbodze."

Hakuinua macho. "Sema."

Nikasema. Nilimweleza kitanda cha nne na kitanda cha tano, koleo, Kahaso, kitabu. Nikamwambia binti yake alifika hospitali akiwa safi, na kilichomwua kilimwingia mikononi mwetu. Vidole vyake vilisimama ndani ya mchele.

"Umesema mkono wangu haumo?"

"Haumo, bibi."

"Nilimwogesha kabla hatujapanda gari," akasema. "Nilichemsha maji. Nilikata kucha, nikazisugua kwa ndimu. Siku arobaini nakaa nazitazama kucha hizi. Nimezikata mpaka zimetoa damu." Akaweka ungo chini. "Yule mkubwa wenu aliniambia mbele ya mkwe wangu. Basi na wewe utasema mbele yake. Na mbele ya hawa wanaopika, maana hao ndio wasioniita."

Akawaita wote. Wanaume walikuwa wamekwisha soma hitima, wakaja wakasimama upande wa pili wa ua. Nikarudia yote, kwa sauti, nimesimama. Mumewe Mbodze hakungoja mwisho, aliondoka akaenda nyuma ya nyumba. Kakake Mbodze, Rai, akaniuliza kwa nini wasinipeleke polisi. Nikamwambia wanipeleke, kwamba nimekwisha andika kwa mkono wangu na nakala ninayo mfukoni. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu yangu. Mwingine alianza kulia. Jirani yake akaniambia ndiye aliyejifungua na wifi yake.

Mtoto wa Mbodze alikuwa ndani, nilimsikia. Bi Biasha aliona nimegeuza kichwa. Akasema, "Huyo usimtazame. Nenda."

Nikaenda. Hakuna aliyenisindikiza hata mpaka barabarani. Nilinyeshewa njia nzima.

Ulitaka niseme, nimesema. Sijui unajisikiaje. Mimi sijisikii mwepesi, kama ulidhani ningekuwa mwepesi.

Mwanao,
Esha


Mkongani,
12 Aprili 1964

Mwanangu Esha,

Assalam aleikum. Mvua imetufikia, mahindi tumepanda, mamako kifua kimetulia. Leo salamu zangu ni za moyo, hata kama barua iliyopita hazikuwa.

Kahaso ameitwa na hospitali. Karatasi ilikuja kwangu, nikamsomea. Akasema, "Sitaki." Siku mbili baadaye akarudi na maneno haya, akaniambia niyaandike kama alivyoyasema: "Mwambie Esha kufagia nitarudi kufagia. Lakini siku mtu akiniambia shika hiki, nitamwuliza kwanza, umenifundisha? Na utasimama hapa ukinitazama? Akikasirika, na akasirike." Nikamwambia maneno hayo ni bora kuliko yote niliyosomeshwa mimi.

Sasa yale niliyoyaweka.

Uliniandikia kwamba nilinyamaza. Nimeisoma mara nyingi, nikitafuta pahali pa kukukatalia. Mwaka wa arobaini na tisa spiriti iliniishia miezi minne, na sindano zangu mbili zilikuwa butu. Ilikuwa wakati wa ugonjwa wa buba, watu wamepanga mstari mpaka nje. Sikuwa na nafasi ya kuchemsha kila mara. Nilichovya sindano kwenye maji ya moto nikaendelea na mwingine. Majipu yalitoka kwenye mikono na makalio ya watu, na mzee mmoja hakuinuka tena. Walipokuja kuniuliza, niliwaambia ni damu yao mbovu. Niliwatupia wao kosa, kama Metroni wenu alivyomtupia Bi Biasha. Hakuna aliyeniuliza zaidi, na sikumwandikia mtu, nikaogopa cheo changu kidogo.

Jana nilikwenda kwa watoto wa yule mzee. Wawili tu wamebaki. Mmoja amenisikiliza. Mwingine amenifukuza, na alikuwa na haki.

Sikuambii haya ili kosa lako liwe dogo. Bado nimekukasirikia, na nitakuwa hivyo kwa muda. Lakini wewe ulikwenda ndani ya siku arobaini, nami ilinichukua miaka kumi na mitano, na nimekwenda kwa sababu binti yangu alitangulia.

Wakikunyang'anya kazi, njoo nyumbani. Wasipokunyang'anya, baki huko.

Baba yako,
Suleiman


Wodi ya Wanawake,
21 Juni 1964

Baba yangu,

Shikamoo, na mama pia namwamkia. Mahindi ya kuchoma aliyompa Kahaso alipokuja huko juma lililopita yalifika mabichi kama yaliyovunjwa asubuhi ile, tukala wodi nzima. Mimi ni mzima, ila miguu inauma.

Nilichelewa kuandika kwa sababu sikuwa na la kusema ila la hasira. Walinivua mkanda wa usimamizi mwezi wa tano. Barua ya onyo imo faili yangu na itakaa humo. Msimamizi sasa ni Jemima, nami naomba ruhusa kwake hata ya kwenda kunywa maji. Metroni hanisemeshi, akipita wodini anasalimia kitanda cha kulia na cha kushoto, mimi ananiruka. Wauguzi wengine wananiita Bi Ukweli, wanacheka. Makoleo kumi na mawili yameletwa, na stovu ya pili, na hakuna aliyesema vimetoka wapi.

Jemima amepanga kazi upya. Mwenye vidonda ana zamu yake na haitwi kwenda pengine. Akiitwa, vidonda vinangoja. Kahaso anafundishwa kila Alhamisi, nami ndiye ninayemfundisha. Siku ya kwanza aliniambia, "Rudia, hapo umekwenda mbio." Nikarudia.

Ninachotaka kukueleza ni cha Jumanne hii.

Saa tatu asubuhi nilisikia ubishi mlangoni. Jemima alikuwa akisema wageni wangoje nje, na sauti nyingine ikisema sitangoja. Nikatoka. Alikuwa Bi Biasha, amemshika kiunoni mwanamke mwenye uchungu, binti wa nduguye, mimba ya kwanza. Alikuwa amempapasa tangu alfajiri akajua mtoto ametanguliza miguu. Wametoka Jego kwa gari la mzigo, wamekaa juu ya magunia ya nazi.

Jemima alimwambia, "Bibi, mpe muuguzi yule pale, Daktari ataitwa."

"Simtaki yule," akasema. "Namtaka aliyekuja Jego."

Wote wakanitazama. Mimi nikamwambia kwa adabu kwamba si msimamizi tena, kwamba Jemima ni hodari kuliko mimi kwa watoto waliogeuka, na Daktari atakuja. Nilikuwa natafuta njia ya kukimbia, baba, nikuambie kweli. Nilisema, "Bibi, wewe una kila sababu ya kutonitaka."

Akamwegemeza yule mwanamke ukutani, akanisogelea karibu sana.

"Usidhani nimekusamehe," akasema. "Sijakusamehe, na sijui kama nitaweza. Mtoto anaanza kukaa, na kila akikaa namwona mamake. Lakini hawa wengine wakikosea sitajua. Wewe ukikosea nitajua, maana utaniambia."

Mwanamke alipiga kelele, uchungu ulikuwa umerudi. Jemima akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda mwenyewe kumwita Daktari.

Nikamwambia Bi Biasha, "Ndiyo. Nitakuambia."

Tukamshika, mmoja kila upande, tukaingia.

Mwanao,
Esha